Miti Minane ya Mpira wa Yai

Shamba la Ngano,
Hanang.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Nimekaa nje ya mesi, nimepakata sinia liwe meza, nakuandikia wakati sufuria za mchana zinakauka juani. Kifua chako kinaendeleaje tangu ile baridi? Yule ndama mwenye doa usoni ameacha kuharisha? Na wewe Theresia, mdogo wangu unayesoma, hujambo? Msomee mama mkiwa wawili tu jikoni. Usisome mbele ya wageni, na usiruke mahali hata kama mwandiko wangu unakuchosha. Mimi huku mwili ni mzima, nakula, sina homa. Ya moyo nitayasema humu ndani, maana ndiyo yaliyonifanya nitafute karatasi.

Najua habari zimenitangulia. Baba mdogo alituma salamu kwa dereva wa lori la mbegu kwamba nimepewa kazi ofisini kwa meneja. Dereva aliporudi alisema mlifurahi sana, na kwamba baba alikwenda kuwaambia wanaume wenzake, "Paskalina yule aliyekuwa anajificha nyuma ya zizi wageni wakija, sasa anakaa kwenye kiti ofisini." Mama, naomba msifurahi. Nataka ujue kazi hiyo imetoka wapi, kisha utaamua kama utanipokea au hutanipokea.

Nianze mbali kidogo ili unielewe. Nilipofika huku baada ya kumaliza darasa la saba, na jina langu halikuwemo kwenye waliochaguliwa, mama mdogo aliniingiza mesi kumenya viazi na kuosha vyombo vya mafundi. Nilikuwa sisemi. Wakiniuliza jambo naangalia miguu yangu. Fundi mmoja, Samweli, mtu wa maneno mengi, akanipa jina la Bubu. "Bubu, chai!" "Bubu, chumvi iko wapi, au nayo imekuwa bubu?" Wote wakawa wananiita hivyo, na mimi naitika kwa kuleta chai.

Kati ya wazungu wa hapa, wengi wao ni wa Kanada. Mmoja tu ametoka Australia, ni fundi wa kombaini, zile mashine za kuvunia ngano, tunamwita Bwana Koli. Ni mrefu, masikio yake yameungua na jua, na Kiswahili chake ni kama cha mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Jioni, wenzake wakienda kuoga, yeye alikuwa anatoka peke yake na mpira, anakwenda kwenye shamba lililokwisha kuvunwa nyuma ya mesi, anaupiga, anaukimbilia, anaupiga tena kurudi alikotoka. Nilimwonea huruma. Mpira wenyewe si wa mviringo. Ni wa ngozi nyekundu, umechongoka huku na huku. Mafundi wakauita mpira wa yai, na mchezo wenyewe nao ukabaki na jina hilo.

Siku moja yai likaangukia kwenye maharage yangu niliyoanika mkekani. Bwana Koli akasimama mbali akapiga kelele, "Teke! Piga teke!" Nikabaki nimelishika kama mtoto wa mtu. Mama mdogo akasema kutoka ndani, "Mrudishie mzungu yai lake, wewe! Maharage yanamwagika!" Nikalitupa chini nikalipiga nilivyowaona wavulana wa shuleni wakipiga. Likaenda upande, likagonga banda la kuku. Samweli alicheka mpaka akakaa chini. Bwana Koli hakucheka. Alikuja, akaliokota, akaniwekea mikononi, akanionyesha: lishike kwa mikono miwili, lisilale, usilirushe, liachie tu lishuke lenyewe mpaka likutane na mguu.

Ndivyo nilivyoanza. Kila jioni nikimaliza vyombo nilikwenda. Mwanzoni lilikuwa linakwenda kokote linakotaka. Ukiliachia likiwa limelala linaruka kama chura, na chini napo linadunda upande ambao hukutegemea. Nilipiga hewa, nilianguka, niliumia kidole nikakichovya kwenye maji ya moto yenye chumvi. Mama mdogo akauliza kama nimekuja Hanang kutafuta kazi au kutafuta mifupa ya kuvunja. Halafu jioni moja, sijui nilifanya nini tofauti, nililiachia, mguu ukalipata sawasawa, likatoka likijizungusha kinyumenyume na kwenda moja kwa moja kifuani kwa Bwana Koli. Hakulazimika hata kunyanyua mguu. Alisema tu, "Ndiyo." Mama, katika maisha yangu yote shuleni sijawahi kufanya kitu kikawa sawa namna ile.

Baada ya hapo akanifundisha kudaka. Katika mchezo wao anayedaka mpira uliopigwa juu, bila kuuangusha, haguswi tena. Anaachiwa apige kwa utulivu. Kwa hiyo wote wanarukia mpira mmoja. Nilikuwa nafumba macho. Akaniambia niangalie ule uzi ulioshona ngozi, nisiangalie watu, niuangalie mpaka uingie mkononi. Ikachukua majuma mengi. Nikajifunza kuangalia uzi.

Jambo lililonishinda kuliko yote lilikuwa kupaza sauti. Anayekwenda kudaka lazima aite, "Wangu!" ili wenzake wampishe. Mimi nilikuwa nakimbia kimya. Wakati huo vijana wengine walikuwa wameanza kuja kucheza, watu wa karakana na vibarua wa ghala, na mmoja wao alikuwa kijana wa Kibarbaig anayebeba magunia, jina lake Gidobat. Anakimbia mpaka unafikiri upepo unamsukuma. Siku hiyo mimi na yeye tukarukia mpira mmoja, tukagongana, tukaanguka wote wawili. Akakaa chini ameshika paji la uso, akasema kwa lugha yao, akidhani sitasikia, "Huyu mdomo wake ni wa ugali tu?"

Nikamjibu kwa lugha yao hiyo hiyo kwamba wa kwake ni wa maziwa tu, maana na yeye hakuita.

Unakumbuka tulivyokuwa tunachunga kule bondeni na watoto wa jirani zetu Wabarbaig. Sikujua kama lugha ile bado iko kichwani mwangu. Gidobat alinitazama kama mtu aliyeona mbuzi akisalimia. Akawaambia wenzake, "Bubu wenu anasema! Tena anasema vizuri kuliko ninyi!" Kuanzia siku ile nikaanza kuita. Kwanza kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Kisha kwa sauti ya kufukuza ndege kwenye mtama. Mwishoni, mama, nikiita walikuwa wananipisha.

Walipogawana timu, karakana na ghala, karakana wakapungukiwa mtu. Bwana Koli akaninyooshea kidole. Nilivaa ovaroli kuukuu ya baba mdogo, nimekunja miguu yake. Theresia, hapo usicheke, na baba asisikie habari ya ovaroli. Samweli alikuwa upande wa ghala siku hiyo kwa sababu alikorofishana na wenzake. Akaanza, "Bubu amevaa suruali! Leo chai itachelewa!" Mpira ukapigwa juu, nikaita, nikaruka, nikaudaka juu ya kichwa chake. Alipogeuka nilikuwa nimeshaukumbatia. Watu walipiga kelele mpaka mama mdogo akatoka na mwiko mkononi kuona nani ameumia. Samweli alikung'uta vumbi akasema, "Haya, Paskalina, umeshinda." Hapo ndipo jina langu liliporudi.

Naandika haya yote marefu kwa sababu nataka uone nilivyokuwa nimebadilika, na kwamba kubadilika kule hakukuwa kubaya mwanzoni. Nilianza kusalimia watu nikiwatazama usoni. Nilimwambia mtunza ghala kwamba unga wake una wadudu na sitaupika, akaubadilisha. Padre alipokuja kutusalia Misa akatafuta msomaji, mimi nikasimama. Mama mdogo alisema, "Mtoto wa dada yangu amefunguka." Niliona ni kweli. Nililala nikiwa na furaha, na niliamini kwamba mtu aliyefunguka hawezi tena kukosea.

Shamba la nyuma ya mesi likawa linatakiwa kulimwa. Bwana Koli akamwuliza meneja tutacheza wapi. Meneja akasema tutumie kile kipande ambacho hakijalimwa, upande wa mlimani. Ni malisho. Yana nyasi fupi na migunga michache, na ng'ombe wa ukoo wa Gidobat wanakula hapo kwa sababu penginepo pote pamekuwa ngano. Pembeni kuna lundo kubwa la udongo. Ni kaburi la babu yake Gidobat. Alikuwa mtu wa heshima kwao, na ukoo mzima ulilijenga kwa miezi mingi. Huwa wanakwenda hapo kuomba. Gidobat mwenyewe alitembea na Bwana Koli wakapima mahali pa kuchezea, mbali na kaburi, mtu yeyote asilikanyage. Alikubali kwa sababu aliupenda mchezo.

Mchezo wa yai unahitaji miti minne kila upande, mirefu, imesimama mstari mmoja, haina mti wa kulala juu yake. Karakana wakakata mikaratusi iliyonyooka, wakaichonga, wakaipaka rangi nyeupe iliyobaki ya matrekta ili ionekane kwa mbali. Miti minane. Tukaisimamisha Ijumaa. Ilipendeza sana. Jioni hiyo hiyo Gidobat na karani wa ofisi, ambaye naye anajua lugha yao, wakaondoka na lori kupeleka ngano Arusha.

Kesho yake asubuhi, nikiwa namenya viazi, baba mdogo akaja mbio akasema, "Wamang'ati wamevamia, wamekaa kwenye miti yenu." Ndivyo anavyowaita Wabarbaig. Tukatoka kwenda kuona. Walikuwa wanawake tu, mama. Wamevaa sketi zao za ngozi na bangili za shaba, wamekaa chini kuzunguka ile miti, wengine wana watoto mgongoni. Wanaume wao walisimama mbali na ng'ombe. Aliyekuwa mbele ni bikizee mmoja mwembamba, bibi yake Gidobat, mke wa yule aliyelala kaburini. Hawakuwa na fujo yoyote. Walikaa tu, kama watu waliokuja kukaa siku nyingi.

Meneja alifika na gari. Hajui lugha yao, na karani hayupo. Akaanza kuuliza nani ataongea nao, akasema asipopatikana mtu atatuma gari Katesh kwa polisi. Bwana Koli akasema, "Paskalina anajua." Watu wakageuka kunitazama. Zamani ningekimbia. Sikukimbia. Nilisogea mbele, na nakuambia kweli, nilifurahi kuitwa.

Nikamwamkia bibi kwa namna ya kwao, nikainama, akaitikia. Akasema, "Miti hii tunaijua. Kule mtoni ilikuja kwanza miti, imepakwa rangi hivi hivi. Baada ya miti likaja trekta. Kule kwa kaka yangu ikaja miti, likaja trekta. Sasa imefika kwa mume wangu. Tutakaa hapa mpaka aje mkubwa wa wilaya atuambie yeye mwenyewe."

Mama, mimi nilicheka. Si kwa dharau, nilicheka kwa sababu nilijua jibu. Nikasema, "Hapana bibi, hii ni ya mchezo tu. Hata mjukuu wako anacheza." Nikamwomba Bwana Koli mpira, nikarudi nyuma, nikaupiga ukapita katikati ya miti miwili ya ndani. Watoto wakashangilia. Wanawake wengine nao wakacheka wakizibana midomo. Bibi hakucheka. Akauliza, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia ni mtoto wa watu wa Masieda, nikataja jina la baba na lako.

"Unasema kwa kinywa chako?"

"Nasema kwa kinywa changu."

"Hakuna trekta linalokuja?"

Nikageuka nikamwambia meneja, "Ndugu Meneja, anauliza kama kuna trekta litakuja kulima hapa." Meneja alikuwa anaangalia saa yake. Akasema, "Mwambie ni miti ya mpira."

Nami nikamgeukia bibi nikasema, "Hakuna trekta."

Sikuambiwa niseme hivyo. Meneja hakusema kuna, wala hakusema hakuna. Mimi ndiye niliyesema hakuna, kwa sauti kubwa, mbele ya wote, kwa sababu niliona ni wazi na kwa sababu walikuwa wananisikiliza. Bibi akainuka, na wanawake wote wakainuka naye. Akasema kitu kwa wanaume waliokuwa na ng'ombe. Jumatatu yake vijana wao wakaondoka na mifugo kwenda kwenye maji ya ziwani, kama wanavyofanya kiangazi, maana hakukuwa tena na sababu ya kubaki kulinda malisho. Wakabaki wazee na watoto.

Jumapili ile kabla hawajaondoka tulicheza. Nilicheza kuliko siku zote. Miguu ilikuwa inafanya jambo kabla sijaliwaza. Bibi alikuja, akakaa chini ya mgunga na wajukuu wake, akatazama mpaka mwisho. Niliona amekuja kunitazama mimi.

Halafu wakaja wapima ardhi. Walikuja na gari letu wenyewe, na chombo chao cha miguu mitatu. Nilikuwa nawapelekea chai. Mmoja wao alikuwa anachungulia kwenye chombo akielekeza kwenye miti yetu, mwenzake ameifunga vitambaa vyekundu. Akapokea kikombe akasema, "Ninyi mmetusaidia. Miti imenyooka vizuri, na nyeupe. Tumepunguziwa kazi." Nikamwuliza wanapima nini. Akasema, "Si kipande hiki kinaingia msimu ujao?"

Niliacha birika pale pale. Nilikwenda ofisini. Meneja alinisikiliza vizuri, hakufoka. Akasema mipango inatoka juu, na kwamba siku ile alijua tu kwamba kuna mazungumzo, hakujua lini. Nikamwambia, "Lakini mimi niliwaambia hakuna trekta." Akasema, "Na ulifanya vizuri sana, binti. Wangekaa pale, tungeletewa polisi, wangeumia watu. Wewe umewarudisha nyumbani kwa amani. Mtu kama wewe hatakiwi kuosha sufuria." Hapo ndipo aliponipa kazi, mama. Anataka niwe mtu wake wa kuongea na Wabarbaig, nianze mwezi mpya. Hiyo ndiyo kazi ambayo baba anawasimulia watu.

Trekta lililokwenda kulima liliendeshwa na baba mdogo, kwa sababu kombaini zimesimama na madereva wamepangwa kulima. Mama mdogo alimwomba aseme anaumwa. Akajibu, "Mimi ni dereva. Nikikataa ataletwa mwingine, na mimi nitarudi Masieda kulima kwa jembe la mkono." Wazee wachache waliobaki walikuja na fimbo zao, wakasimama mbele, askari waliokuja na meneja wakawasogeza pembeni. Baba mdogo alilizunguka lile kaburi mara ya kwanza. Msimamizi akapiga filimbi akamwambia mstari ni kutoka mti mpaka mti, kisha moja kwa moja mpaka mwisho wa kipande, asiupinde. Mara ya pili hakulizunguka.

Jioni hakula. Alikaa mlangoni akaniambia, "Usinitazame hivyo, wewe mtoto. Mimi nilifuata miti." Yeye hakuwaambia watu neno lolote la uongo.

Bwana Koli alikwenda mwenyewe akaing'oa miti yote minane na kuichoma nyuma ya karakana. Haikusaidia kitu, mistari ilishalimwa. Akaniambia, "Pole sana. Mimi hapana jua." Nikamwambia hata mimi sikujua. Mkataba wake umebakiza muda mfupi, atarudi kwao, anasema hata kule wasichana wengi hawawezi kudaka ninavyodaka mimi. Alidhani atanifurahisha. Ananiita bado jioni. Siendi.

Gidobat siku ya kulima alikuwa tena safarini Arusha; aliporudi na lori, hakushuka kupakua magunia. Alitembea moja kwa moja mpaka kule, akasimama kwenye udongo mbichi. Sikuongea naye kwa siku nyingi. Ameacha kazi. Vijana waliitwa kutoka ziwani, nao wakakuta malisho hayapo, na kurudi ziwani haiwezekani kwa sababu kule nako wamejaa. Wanasema watahama kwenda mbali kabisa, kusini, mahali ambapo hata wao hawapajui. Bibi anasema hatahama. Anasema hawezi kumwacha mume wake chini ya ngano. Ana ng'ombe wake mmoja wa maziwa, mweusi mwenye pembe moja iliyopinda, na hana mahali pa kumlisha.

Nikafikiri, mama. Nilifikiri kwamba kuna kitu kimoja naweza kufanya. Baba amekaa miaka yote na ng'ombe wa yule jirani Mbarbaig wa bondeni, tunakunywa maziwa, ndama wanapotimia wanagawanywa, na ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Ni desturi yetu na yao pia. Nikaona nimwombe bibi amlete ng'ombe wake kwetu Masieda, baba amtunze mpaka mambo yatulie, na samli ya maziwa yake nitamletea bibi mimi mwenyewe. Sikuwauliza kwanza, nisamehe. Niliona hakuna muda.

Jana Jumapili baada ya sala nilikwenda kwake. Nyumba yao sasa iko ukingoni kabisa mwa udongo uliolimwa, matuta yanaanza pale uzio wa miiba unapoishia. Gidobat alikuwepo, anafunga mizigo. Bibi alikuwa amekaa mlangoni, anatikisa kibuyu cha maziwa magotini. Nikainama nikamwamkia kama siku ile. Hakuitikia. Nikabaki nimeinama. Nikamwamkia tena. Gidobat akasema polepole, "Sema ulichokuja kusema."

Nikasema yote. Nikaeleza habari ya baba, na zizi letu, na majani ya mabondeni, na kwamba ng'ombe atabaki wake. Nilisema vizuri, mama. Sikukwama hata mahali pamoja, na kadiri nilivyokuwa nasema vizuri ndivyo nilivyojichukia.

Bibi aliendelea kutikisa kibuyu mpaka nilipomaliza. Kisha akasema bila kunitazama, "Nililala juu ya neno lako mara moja. Nilipoamka, mume wangu amelimwa. Ng'ombe wangu hatalala hapo."

Sikulia mbele yake. Gidobat alinisindikiza mpaka mwisho wa miiba, akarudi.

Kesho natakiwa ofisini saa mbili. Mama mdogo ameniazima viatu. Sitakwenda. Nimemwambia baba mdogo, akasema naipiga teke bahati ambayo watoto wa wenzake wanaililia, na kwamba nikiondoka hapa nisiseme yeye ni ndugu yangu. Labda ni hasira tu. Meneja atapata mtu mwingine, najua, na huyo mwingine labda hatajali. Kwa hiyo hata kukataa kwangu hakumsaidii bibi. Nimelizungusha hili kichwani kila upande na sioni mlango. Ninachojua ni kwamba siwezi kukaa kwenye kiti kile nikatumwa kwenda kuwaambia watu wengine kwamba ni miti tu.

Naomba nije nyumbani. Nitafanya kazi yoyote, nitachota maji, nitakaa na ng'ombe. Lori la mbegu litapita Dongobesh juma hili, kutoka hapo nitatembea. Kama baba atakasirika, niombee nilale kwa bibi mzaa baba mpaka hasira zipungue. Na kama watu watauliza, mama, usinifichie. Waambie yote kama nilivyoyaandika.

Mfikishie baba shikamoo yangu, na umwombe aache kuwasimulia wanaume habari ya kiti. Bibi mzaa baba mwambie dawa yake ya miguu nimeipata kwa mganga wa zahanati, nitakuja nayo. Katekista aliyenifundisha kusoma masomo kanisani mpe salamu, asiulize kama bado nasoma. Kaka Bura na mkewe wasalimie, na mtoto wao mchanga mbebe kwa niaba yangu. Jirani yetu wa bondeni, mwenye yule ng'ombe tunayemtunza, msalimie kwa heshima, lakini habari hii nitampa mimi mwenyewe, uso kwa uso, kabla hajaisikia kwa watu wa ukoo wake. Ana haki ya kuamua kama ng'ombe wake aendelee kulala kwetu.

Ni mimi mwanao, niliyekosa,
Paskalina